Simu kali kwa bei poa: pima GB kama unavyopima mbolea

Wengi mnaniuliza mnunue simu gani ya kilimo biashara. Mimi bwana shamba wenu huangalia kwanza nafasi ya kuhifadhi, maana hapo ndipo simu kali za bei nafuu hubania.

Mfano, kwa bei za Marekani: Nexus 4 ya Google ilitoka 2012, GB 8 dola 299, GB 16 dola 349. Mwaka 2014 ikaja OnePlus One, GB 16 dola 299, GB 64 dola 349. Nyongeza ni ileile, dola 50. Ila kwenye Nexus kila GB ya ziada iligharimu dola 6.25, kwenye OnePlus, kama dola 1 tu. Na zote hazikuwa na sehemu ya memori kadi. Ukichagua ndogo, umebaki nayo.

Mbolea si tunapiga bei kwa kilo kabla ya kulipa? Fanya hivyo hivyo: gawa nyongeza ya bei kwa GB za ziada.

Simu ikijaa katikati ya msimu utaanza kufuta: picha za viwavijeshi, risiti za pembejeo, rekodi za mauzo. Ukienda kuomba mkopo, ushahidi huna.

Kabla hujatoa hela, fungua mipangilio usome nafasi iliyo wazi, siyo ya kwenye boksi, kwani mfumo wenyewe unakula sehemu. Kama kadi haiingii, heri upunguze mbwembwe za kamera uongeze GB.