Mgogoro wa ardhi ya Shirika la Kiteutoni katika Prussia

Mgogoro wa ardhi ya Shirika la Kiteutoni (kwa Kijerumani: Deutscher Orden) ulihusu haki ya kumiliki nchi ya Prussia baada ya mwaka 1525, pale mkuu wa shirika hilo alipoigeuza kuwa utemi wa kurithiwa na ukoo wake. Shirika lilikataa mabadiliko hayo na bado lilikuwa likiyapinga mwaka 1701.

Asili ya umiliki

Shirika lilianzishwa karibu na mji wa Akko mwaka 1190, wakati wa Vita vya Misalaba. Ndugu zake walikuwa askari na vilevile watawa wenye nadhiri za ufukara, useja na utii. Katika karne ya 13 waliitwa na mtemi Konrad wa Mazovia, wakateka nchi ya Waprussia, waliokuwa bado wakifuata dini yao ya jadi. Kutokana na nadhiri ya ufukara, ardhi ilikuwa mali ya shirika zima; mkuu alikuwa msimamizi tu.

Kwa mkataba wa Toruń wa mwaka 1466, shirika lililoshindwa vitani liliacha Prussia ya magharibi kwa mfalme wa Poland. Kwa sehemu ya mashariki iliyobaki, mkuu alitakiwa kumwapia mfalme huyo utii.

Mkataba wa 1525

Albrecht wa Brandenburg-Ansbach, mkuu tangu 1511, alikuwa mtoto wa dada yake mfalme Sigismund I wa Poland. Hata hivyo alikataa kuapa, akapigana na mjomba wake miaka 1519-1521 bila mafanikio. Baadaye Martin Luther alimshauri aache utawa, aoe na kuifanya Prussia kuwa utemi. Tarehe 8 Aprili 1525 mkataba ulifanywa huko Kraków, na siku mbili baadaye Albrecht alipiga magoti mbele ya mfalme, akapokea Prussia kama mtemi wa Kilutheri. Mwaka 1526 alimwoa Dorothea, binti wa mfalme wa Denmark.

Hoja za pande mbili

Ndugu waliobaki Wakatoliki katika Dola Takatifu la Kiroma walidai kwamba msimamizi hawezi kurithisha mali isiyo yake. Kaisari Karl V aliwaunga mkono: mwaka 1530 alimkabidhi rasmi Prussia kiongozi wao mpya, Walter von Cronberg, na mwaka 1532 Albrecht alitangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria za Dola.

Poland ilijibu kwamba Prussia haikuwa sehemu ya Dola, hivyo Kaisari hakuwa na mamlaka juu yake. Hukumu haikutekelezwa. Karl V alikuwa na maadui wengine, wakiwemo Waosmani na Ufaransa. Albrecht alitawala hadi kifo chake mwaka 1568.

Matokeo

Shirika lilihamishia makao yake makuu Mergentheim, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1618 Prussia ilirithiwa na watawala wa Brandenburg, na mwaka 1657 Poland ikaacha haki yake ya kuapiwa. Friedrich I alipojivika taji la ufalme huko Königsberg (leo Kaliningrad nchini Urusi) mwaka 1701, shirika lilitoa pingamizi, lakini halikuweza kumzuia.

Mwaka 1809 Napoleon alilifuta shirika katika nchi za Shirikisho la Rhine, na Mergentheim ikachukuliwa na Württemberg. Shirika liliendelea Austria. Tangu 1929 ni shirika la kitawa tu.