Likague Wazo Kabla ya Kuliamini

Tarehe 5 ya mwezi ikifika, mama mboga wa mtaa wa Nyayo Highrise, Nairobi, ambaye biashara yake imelala hupata ujumbe wa kodi kwenye simu. Ni mistari miwili tu. Lakini usiku kucha kichwa kinamwongezea mingine: "Nitafukuzwa. Watoto wataaibika. Mimi sijawahi kufaulu katika lolote." Usingizi unakata, alfajiri anachelewa kufika soko la Marikiti, na anakuta sukuma nzuri zimeshachukuliwa. Hasara inazaa hasara.

Deni hilo ni la kweli, na hakuna mtaalamu anayepaswa kumwambia atabasamu lipotee. Ila "sijawahi kufaulu" ni wazo, na wazo hukaguliwa. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alibaini miaka ya 1960 kwamba mawazo ya aina hii huja yenyewe, haraka, na mwenye huzuni huyaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoijenga humfundisha mtu kudai ushahidi: Kodi ya miezi iliyopita nani aliilipa? Mwenzangu angekuwa katika hali hii, ningemwambia nini?

Ujuzi wa kukabiliana na msongo haufungiwi hospitalini. Nairobi, eneo la Dagoretti iliko Kawangware, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus, wa vikao vitano. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwahusu wanawake 421 waliokuwa na msongo na waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia. Waliopitia mpango huo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Kibera nako, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walifanya jaribio na wanafunzi 51 wa sekondari kwa vikao vinne vya kikundi, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni. Baadhi ya wanafunzi hao walizungumzia shukrani, maadili wanayoyathamini, na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Nyumbani unaweza kuanza hivi. Kaa, vuta pumzi polepole hadi tumbo lijae, kwa kama sekunde tatu, kisha itoe kwa muda huohuo. Rudia mpaka moyo utulie. Chukua daftari, uandike shida zako, ukitenga zinazotatulika na zile zilizo nje ya uwezo wako. Chagua moja inayotatulika na hatua moja ya kesho: kumpigia mwenye nyumba kabla hajakupigia na kupanga naye malipo ya awamu, au kuuliza kwenye chama kama kuna mkopo. Usiache jambo dogo linalokupa raha, iwe kwaya au kutembea na jirani, kwa sababu msongo hustawi mtu akijifungia.

Ustahimilivu haulipi kodi wala hauleti maji kwenye mfereji. Hayo tuzidi kuyadai kwa wanaohusika. Ustahimilivu unachofanya ni kukuachia nguvu za kuyadai. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukishindwa kula au kufanya kazi, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Na ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu unayemwamini, au piga 1199, nambari ya bila malipo ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.