Hawilisha, hamisha, kabidhi: leseni ya madini inapopata mmiliki mpya

Vitenzi hivi vitatu hutumiwa mara nyingi kana kwamba vina maana moja, hasa katika mikataba mifupi inayoandikiwa vijijini. Katika sheria ya madini ya Tanzania tofauti yake ni kubwa, na anayevichanganya aweza kulipia kitu asichokipata.

Hamisha *kt* [ele] ni kuondoa kitu mahali pamoja na kukipeleka pengine: *Wamehamisha mitambo kutoka Magamba hadi Tanga.* Matumizi yamepanuka hadi kufikia umiliki, ndiyo maana husemwa *kuhamisha miliki*.

Hawilisha *kt* [ele], pia *haulisha*, lina asili moja na *hawala*, neno ambalo katika fikihi hutaja kutoa deni kwa mdaiwa mmoja na kulitwika mwingine. Kinachohama hapa ni haki au wajibu. Shimo, jabali na udongo hubaki palepale.

Kabidhi *kt* [ele] ni kutia kitu mikononi mwa mtu. Aliyekabidhiwa amekishika, lakini huenda asiwe mwenyewe. Mweka amana naye hukabidhiwa mali ya watu.

Tuchukue mfano wa Milima ya Usambara, ambako boksaiti hupatikana Magamba, juu ya mji wa Lushoto, na yakuti katika bonde la Umba, upande wa kaskazini. Mwenye leseni akimwachia mwendeshaji mpya shimo, zana na vibarua, amekabidhi machimbo. Leseni haijahawilishwa.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010, Sura ya 123, inatamka kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo mwenye leseni hauzi madini yaliyo ardhini. Alicho nacho ni haki ya kuyachimba. Leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa kwa kawaida haihawilishwi bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka ya leseni, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2017 ni Tume ya Madini. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya raia wa Tanzania pekee, hivyo haiwezi kuhawilishwa kwa mgeni, hata kama machimbo yamekwisha kukabidhiwa kwake.

Lipo pia jambo linalojificha nyuma ya maneno. Kampuni ikiuza hisa zake, jina lililo kwenye leseni halibadiliki, ingawa mwenye kauli amebadilika. Kwa leseni za kati na kubwa, badiliko la namna hiyo nalo huhitaji ridhaa.

Haki ya ardhi ni suala jingine. Kuhawilisha leseni hakumpi mchimbaji shamba la mwanakijiji, wala hakumfungulii msitu wa hifadhi. Kila kimoja kina mwenye idhini yake.

Kwa mwanakijiji, uzito wa neno huonekana siku ya madai. Hati inayosema tu kwamba machimbo *yamekabidhiwa* haielezi nani atalipa fidia ya mazao wala nani atafukia mashimo. Mwendeshaji wa zamani atasema ameondoka. Mpya atasema hakuwapo.

Matumizi yanayopendekezwa: *Leseni ilihawilishwa kwa ridhaa ya Tume, pamoja na wajibu wake wote, kisha machimbo yakakabidhiwa, na mitambo ikahamishwa.*