"NCHI INAYOENDELEA": NENO MOJA, MAANA NYINGI

Katika redio, katika mikutano ya hadhara na katika vitabu vya shule, maneno "nchi inayoendelea" hutajwa mara kwa mara. Askari aliyeko zamu huko Oraba huyasikia, na mkewe aliyebaki Arua na watoto huyakuta katika daftari la mwanafunzi. Wengi huyatumia, bali ni wachache wajiulizao: inaendelea kutoka wapi, kwenda wapi, na ni nani aliyeipima?

SILABI MOJA TU

Kitenzi "kuendelea" kimetokana na "kwenda". Humo ndimo lilimozaliwa neno "maendeleo". Wenye nchi tajiri huambiwa kuwa nchi zao "zimeendelea", na wenzao kuwa nchi zao "zinaendelea". Tazama maneno haya: zilizoendelea, zinazoendelea. Kinachoyatenga ni silabi moja, "li" na "na". Silabi ya kwanza yasema kwamba safari imekwisha. Ya pili yasema kwamba msafiri angali njiani.

Hapo ndipo neno linapoanza kupotosha. Hakuna nchi iliyokwisha kufika, kwa kuwa hata zile tajiri zina wasio na kazi na wasio na makazi. Tena si kila nchi iitwayo "inayoendelea" huenda mbele. Nyingine husimama, na nyingine hurudi nyuma.

NENO LILIKOTOKA

Mwezi wa Januari mwaka 1949, Rais Harry Truman wa Marekani alitoa hotuba ambayo ndani yake alizitaja sehemu za dunia zenye maendeleo duni. Mwaka 1952 Mfaransa Alfred Sauvy akaleta jina "Dunia ya Tatu". Hakukusudia daraja la tatu la ubora. Alikuwa akikumbuka tabaka la tatu la Ufaransa ya kale, yaani watu wa kawaida waliodharauliwa, nao wakadai haki yao. Baadaye, ili kuepuka matusi ya "nchi duni", likashika jina la "nchi zinazoendelea".

NANI HUPIMA?

Yafaa ieleweke kwamba hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Katika Shirika la Biashara Duniani kila nchi hujitaja yenyewe kuwa inaendelea. Benki ya Dunia hutazama pato la wastani la kila mtu, na mwaka 2016 iliacha kuzigawa nchi katika mafungu hayo mawili ndani ya takwimu zake kuu za maendeleo.

Liko, hata hivyo, fungu moja lenye orodha rasmi: nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo. Umoja wa Mataifa uliianzisha orodha hiyo mwaka 1971, na Uganda imo tangu mwanzo. Vipimo ni vitatu: pato la mtu, afya na elimu ya watu, na udhaifu wa uchumi mbele ya misukosuko. Orodha hukaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Botswana ilitoka humo mwaka 1994. Kenya haimo.

Jina hilo halipendezi, lakini lina faida zake. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umeruhusu bidhaa zote za nchi hizo, isipokuwa silaha, kuingia bila ya ushuru. Tena nchi hizo zimepewa ruhusa hadi mwaka 2033 kutolazimika kulinda hataza za dawa, yaani haki ya mgunduzi kuwazuia wengine kutengeneza dawa yake. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007, hutengeneza dawa za UKIMWI na malaria. Kwa mgonjwa, hilo si jambo la kamusi, ni uhai.

MPAKANI KOBOKO

Huko Salia Musala, wilayani Koboko, nchi tatu hukutana: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Zote tatu zimo katika orodha hiyo. Wakakwa wako pande zote tatu, wakisema lugha moja. Orodha hugawa mataifa. Haijui kwamba mama mmoja ana dada ng'ambo ya mpaka.

Historia ya West Nile yafundisha kwamba mwendo huu hauendi mbele tu. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita viliwafanya maelfu ya watu wa Arua na Koboko kukimbilia Sudan na Zaire. Mashamba yakawa msitu, na watoto wakakosa shule. Miaka mingi baadaye, Desemba 2002, serikali na wapiganaji wa UNRF II walitia sahihi mapatano ya amani huko Yumbe. Mwaka 2012 kituo cha umeme cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kilianza kazi. Lami ikafika kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba. Mwaka 2020 Arua ikawa jiji. Na vita vilipozuka tena Sudan Kusini mwaka 2016, walewale waliokuwa wakimbizi jana wakawa wenyeji wa wakimbizi.

Basi amani ndiyo msingi wa kwanza. Askari alindaye mpaka kwa nidhamu na kwa heshima kwa raia amefanya kazi ya maendeleo, ijapokuwa hakuna bei inayoandikwa juu ya usiku mmoja wa usingizi mtulivu.

KIPIMO CHA NYUMBANI

Hatari nyingine imo katika neno "wastani". Chukua watu tisa: mmoja ana ng'ombe tisa, wanane hawana hata mmoja. Kwa wastani kila mtu ana ng'ombe mmoja. Lakini maziwa yako katika nyumba moja tu. Ndivyo pato la nchi liwezavyo kupanda huku mama wa kijijini akiendelea kuchota maji mbali.

Na nyumba nayo yaweza kudanganywa na neno. Mume akinunua redio kubwa na pikipiki, majirani husema kwamba ameendelea. Lakini iwapo ada ya binti haikulipwa, chandarua hakipo kitandani, na deni la duka linameza mshahara kabla ya mwezi kwisha, nyumba hiyo imeongeza vitu tu. Kipimo chake ni hiki: je, watoto wanakula vizuri kuliko mwaka jana? Wanabaki shuleni, wasichana kwa wavulana? Ipo akiba, japo ndogo, ya siku ya ugonjwa? Mke na mume wanaipanga pamoja?

Anayejibu ndiyo, hata akiwa na chumba kimoja kambini, anaendelea. Anayejibu siyo hana haja ya kungoja orodha ya Umoja wa Mataifa ikaguliwe tena. Na aanze na mshahara wa mwezi huu.