Kuijua pikipiki iliyotumika kabla ya kupakia abiria

Kijana anayenunua pikipiki iliyokwishatumika ili afanye kazi ya bodaboda huwa na haraka ya kurejesha fedha, pengine fedha alizotumiwa na ndugu aliye Muscat au London. Mara nyingi hupakia abiria siku hiyo hiyo, kabla ya kukijua chombo chenyewe.

Mita ya kilomita si shahidi wa kutegemewa, kwani huweza kurudishwa nyuma au kubadilishwa. Tairi halidanganyi kirahisi hivyo. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki lililotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Hivyo 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hata kama halijawa kipara, huwa limekakamaa na huteleza barabara inapolowa.

Mafuta ya injini yamwagwe mara moja, kwa kuwa mnunuzi hajui yaliwekwa lini. Yakitoka na rangi ya maziwa, yamechanganyika na maji; yakiwa na chembe za chuma, aitwe fundi.

Breki zijaribiwe mahali patupu. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa madereva wengi huiogopa.

Namba za chesisi na injini nazo zilingane na kadi. Umiliki huhamishwa kupitia TRA nchini Tanzania na NTSA nchini Kenya. Kadi ikibaki kwa jina la muuzaji, pikipiki ikiibwa au kusababisha ajali, mnunuzi hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba ni yake.