Tenisi ya Viti vya Magurudumu: Safari ya Mchezaji Hadi Kulipwa

Tenisi ya viti vya magurudumu ni mchezo wa kulipwa. Wachezaji wake bora hushindana Wimbledon, Roland Garros, US Open na Australian Open, na hupokea pesa za zawadi kama wachezaji wengine wa mashindano hayo. Mmoja wao ni Kgothatso Montjane wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Polokwane mkoani Limpopo, ambaye ametwaa mataji makubwa ya dunia.

Makala haya yanaeleza jinsi mchezo huu unavyochezwa, mchezaji anavyopanda ngazi, na mambo ambayo familia na kaunti zinaweza kufanya ili mtoto mwenye kipaji asibaki nyumbani bila kujulikana.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ulianzishwa mwaka 1976 na Brad Parks, kijana wa Marekani aliyepooza miguu baada ya ajali ya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1988 ulionyeshwa kwenye Michezo ya Paralimpiki jijini Seoul, na kuanzia Barcelona 1992 ukawa mchezo kamili wa kugombea medali.

Uwanja ni ule ule wa tenisi ya kawaida, na wavu, raketi na mpira havibadiliki. Tofauti kubwa ni moja: mchezaji anaruhusiwa kuacha mpira udunde mara mbili kabla ya kuurudisha. Mdundo wa kwanza lazima uwe ndani ya mistari, ila wa pili unaweza kuwa nje. Kiti huhesabiwa kuwa sehemu ya mwili, hivyo mpira unaochezwa ukimgonga mchezaji au kiti chake, anapoteza pointi.

Kanuni zinaruhusu pia mchezaji wa kiti kucheza na mtu anayetembea. Wa kiti hupewa midundo miwili, mwenzake mmoja. Kwa hivyo mtoto anayetumia kiti anaweza kucheza na kaka, dada au wanafunzi wenzake bila kusubiri hadi apatikane mwingine mwenye ulemavu kama wake.

Kuna makundi matatu: wanaume, wanawake, na kundi la kwodi, ambalo ni la wachezaji wenye ulemavu wa miguu na pia wa mikono. Katika kundi hilo la mwisho, Lucas Sithole wa Afrika Kusini, aliyepoteza miguu yote miwili na sehemu ya mkono wa kulia katika ajali ya treni, alishinda US Open mwaka 2013.

Alianza akiwa na miaka 19

Montjane alizaliwa mwaka 1986 akiwa na ulemavu wa mikono yote miwili na wa mguu. Akiwa na umri wa miaka 12, mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Alisoma katika shule maalumu mkoani Limpopo, na ni mwaka 2005, akiwa na miaka 19, ndipo alipofahamishwa tenisi ya viti vya magurudumu. Baadaye alisoma na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Venda.

Wachezaji wengi wa tenisi hushika raketi wakiwa wadogo sana, kwa hiyo miaka 19 ni kuchelewa. Hata hivyo, miaka mitatu baadaye alikuwa Beijing akiiwakilisha nchi yake kwenye Paralimpiki ya 2008. Tangu hapo ameshiriki Paralimpiki za London, Rio, Tokyo na Paris.

Pointi ndizo tiketi

Mchezaji wa kulipwa huishi kwa pointi. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lina msururu wa mashindano ya ngazi mbalimbali, yale madogo ya wanaoanza yakiwa chini na yale makuu manne yakiwa juu. Kila ushindi una pointi zake, na pointi hizo ndizo zinazoamua nafasi ya mchezaji duniani. Baada ya mwaka mmoja pointi huisha, naye hulazimika kutafuta nyingine.

Nafasi za juu ni chache. Montjane alipocheza Wimbledon mwaka 2018, mashindano ya wanawake wa viti vya magurudumu, mmoja kwa mmoja, yalikuwa na wachezaji 8 tu. Ili kuwa miongoni mwa 8, mtu lazima asafiri nchi nyingi katika mwaka mmoja. Huko anahitaji nauli, malazi, kocha, na njia ya kusafirisha kiti cha kuchezea bila kuharibika. Mchezaji wa Uholanzi au Uingereza hupata mashindano mengi karibu na kwao. Wa Afrika husafiri mbali zaidi kutafuta pointi zile zile, na asipopata mfadhili, nafasi yake hushuka hata kama kiwango chake cha mchezo hakijashuka.

Mwaka huo wa 2018 Montjane alifika nusu fainali, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kucheza Wimbledon. Mwaka 2021 alirudi na kufika fainali, akashindwa na Diede de Groot wa Uholanzi, ambaye mwaka huo hakuna aliyemzuia kutwaa mataji yote makuu manne na dhahabu ya Paralimpiki. Mwaka 2023, akicheza pamoja na Yui Kamiji wa Japani, Montjane alishinda Roland Garros kwa wachezaji wawili wawili. Mwaka 2024 wawili hao wakashinda Wimbledon. Kutoka siku aliyojulishwa mchezo huu hadi taji hilo la kwanza kuu ilipita miaka 18.

Kiti cha mchezo si kiti cha nyumbani

Kiti cha kawaida hutengenezwa kipite mlangoni na kisukumwe hata na mtu mwingine. Cha tenisi ni chepesi, magurudumu yake yameinama upande wa juu ili kigeuke haraka bila kupinduka, na nyuma kina gurudumu dogo la kukizuia kisianguke. Mchezaji hufungwa mikanda ili yeye na kiti wasogee kama kitu kimoja, na hutengenezewa kiti kwa vipimo vya mwili wake. Ndiyo maana bei yake ni ghali, na ndiyo maana vikwazo vya wengi huanzia hapo. Hata hivyo, anayejifunza anaweza kuanza kwa kiti cha kukopa, mradi kuna uwanja anaoweza kuufikia.

Hapa kwetu

Kenya imewahi kuwa na timu katika mashindano ya Afrika ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la Timu la mchezo huu, kwa hiyo Mkenya anayetaka kucheza haanzi ukurasa mtupu.

Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Uwanja wenye ngazi tupu langoni, choo chenye mlango mwembamba au njia ya mchanga laini humfungia nje mchezaji kabla hajashika raketi.

Wakazi wanaweza kufanya mambo yafuatayo:

Kumsajili mtoto. Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huanza na tathmini ya daktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Aliyesajiliwa anaweza kuomba vifaa vya kumsaidia kutembea kupitia hazina ya Baraza hilo.

Kuhudhuria vikao vya ushiriki wa umma. Bajeti na Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti hujadiliwa na wananchi. Ombi la njia ya mteremko kwenye uwanja wa wadi lina nafasi kubwa likitolewa kabla uwanja haujajengwa.

Kumtoa mtoto nje. Mwalimu wa michezo hawezi kutambua kipaji cha mtoto ambaye hajawahi kumwona uwanjani. Montjane alijulishwa mchezo huu kwa sababu alikuwa shuleni.