Karo na Shimo la Kufyonzea

Katika kufasiri maelezo ya ujenzi wa vyoo vya maji, neno "shimo" limebebeshwa dhana mbili. Twapendekeza zitenganishwe. Karo halipaswi kuvuja: humo tope hutuama, mafuta huelea, na vijidudu visivyohitaji hewa humeng'enya sehemu ya uchafu. Maji ya katikati hutiririkia shimo la kufyonzea, lenye kuta za matundu, ili udongo uyanywe. Nayo yangali na vimelea vya maradhi. Fundi wa Mgori, mkoani Singida, akisoma "shimo" tu, akaliacha karo bila sakafu, kisima kilicho jirani kitakuwa hatarini. "Tangi" nalo laeleweka, ila huleta picha ya maji safi; na mafundi wamekwisha kuzoea karo.